Benki imefuta mkopo binafsi baada ya kusaini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu mkopo binafsi usiowekewa nyumba wala shamba kama dhamana, hasa ule unaorejeshwa kwa makato ya mshahara, ambao benki ya Tanzania ilikwisha kuuidhinisha, mwombaji akasaini, kisha kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti yake akaambiwa kwamba mkopo umefutwa. Yameandikwa kwa upande wa mkopaji. Sheria inayotajwa ni ya Tanzania Bara, isipokuwa pale inapoelezwa vinginevyo, na hakuna jibu hapa linaloweza kuchukua nafasi ya wakili aliyeushika mkataba wako mkononi na kuusoma.

Je, benki ina haki ya kufuta mkopo baada ya pande zote mbili kusaini?

Inaweza kuwa nayo, lakini haki hiyo haitokani na ukubwa wa benki wala na ukweli kwamba fedha ni zake. Mkataba wa mkopo unatawaliwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, sawa na mkataba wa kuuziana gari, na kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinazitaka pande zote zitimize ahadi zao au ziwe tayari kuzitimiza, isipokuwa pale ambapo sheria imeziondolea wajibu huo. Kwa hiyo benki iliyosaini na kisha ikakataa kutoa fedha lazima iwe na mahali pa kusimamia: ama sharti lililopaswa kutimizwa kabla ya fedha kutoka halikutimia, ama mwombaji alitoa taarifa zisizo za kweli, ama mkataba wenyewe una kifungu kinachoiruhusu benki kusitisha. Nje ya hapo, kinachoitwa kufuta mkopo ni kuvunja mkataba.

Swali la kwanza la kumuuliza afisa mikopo, basi, ni kifungu gani cha mkataba kilichotumika. Kuuliza kwa nini peke yake humpa nafasi ya kujibu kwa maneno ya jumla, na majibu ya jumla hayakusaidii mbele ya msimamizi wa mabenki, yaani Benki Kuu, wala mbele ya hakimu.

Nilisaini barua ya ofa tu. Je, hiyo ni mkataba?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu kwenye kaunta karatasi zote hupita kwa jina moja la mkataba, ilhali zinaweza kuwa tatu zenye nguvu tofauti kabisa. Fomu ya maombi ni ombi lako kwa benki. Kuisaini hakuifungi benki kwa lolote, hata kama afisa aliipokea kwa bashasha na kukuhakikishia kwamba Ijumaa fedha zitakuwa zimeingia. Ujumbe wa simu unaosema kwamba umefuzu kupata mkopo wa kiasi fulani nao kwa kawaida ni mwaliko wa kuomba tu. Barua ya ofa ni jambo jingine. Ikiwa inataja kiasi, riba, muda na rejesho la kila mwezi, na benki imeisaini, basi benki ndiyo iliyotoa ofa. Unapoisaini na kuirudisha ndani ya muda ulioandikwa, umeikubali, na mkataba umeundwa hata kama kitabu kinene cha masharti kitasainiwa baadaye.

Mambo mawili yanaweza kubadilisha jibu hilo. La kwanza ni muda: barua nyingi za ofa hutaja siku ambazo baada ya hapo ofa hukoma, na aliyesaini baada ya siku hizo huwa ametoa ombi jipya. La pili ni saini ya benki. Ni kawaida mwombaji kusaini kwanza, nyaraka zikapelekwa makao makuu, na mwenye mamlaka ya kuisainia benki akaziona baada ya siku kadhaa. Ukurasa wa mwisho ukiwa na saini yako peke yake, benki itasema kwamba haikuwahi kukubali, na hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana hupaswi kuondoka tawini bila nakala yenye saini za pande zote, au walau maandishi yanayoonyesha tarehe uliyoirudisha barua. Afisa anayesema nakala utaitumiwa baadaye aombwe aitume kwa barua pepe ukiwa bado umekaa mbele yake.

Masharti ya kutimizwa kabla ya fedha kutoka ni yapi hasa?

Kwa mkopo wa mshahara huwa ni uthibitisho wa mwajiri, kuingizwa kwa makato kwenye mfumo wa mishahara, ripoti ya taarifa za mikopo isiyo na doa kubwa, bima ya mkopo, majina na namba ya NIDA yanayolingana na kumbukumbu za mwajiri, na muda wa mkopo usiovuka tarehe ya kustaafu, ambayo kwa mtumishi wa umma kwa kawaida ni miaka 60 kwa lazima na 55 kwa hiari. Majina yasiyolingana ni kero ndogo inayorekebishika na haipaswi kuua mkopo. Sharti linaloua mikopo mingi iliyokwisha kusainiwa ni theluthi moja.

Mtumishi wa umma anapaswa kubaki na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote. Tuchukue mshahara wa msingi wa shilingi 900,000. Mchango wa PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wa asilimia 5 ni 45,000, wa bima ya afya wa asilimia 3 ni 27,000, na kodi ya mapato kwenye 855,000 zinazobaki baada ya mchango wa pensheni ni 91,750. Jumla ya makato hayo ya lazima ni 163,750, hivyo zinabaki 736,250. Theluthi inayopaswa kusalia ni 300,000, kwa hiyo nafasi ya rejesho la mkopo ni 436,250. Benki inaidhinisha mkopo wenye rejesho la 400,000, mtumishi anasaini na kila mtu ameridhika. Kisha mwezi huohuo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inamwingizia makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 135,000. Nafasi inashuka hadi 301,250, mfumo unalikataa rejesho la 400,000, na benki inampigia simu kumwambia kwamba mkopo umekwama.

Katika hali kama hiyo benki iko upande salama kisheria, maana haiwezi kukusanya rejesho ambalo mfumo wa mishahara unalikataa. Hata hivyo kufuta si njia pekee. Mkopo uleule unaweza kupunguzwa au kuongezewa muda ili rejesho litoshe kwenye nafasi iliyobaki, na mkopaji ana kila sababu ya kuliomba hilo kwa maandishi kabla ya kukubali kwamba kila kitu kimekwisha. Makato ya SACCOS na ya chama cha wafanyakazi nayo huingia kwenye hesabu hiyohiyo, na aliyejiunga na SACCOS wiki moja kabla ya kuomba mkopo benki asishangae.

Benki inasema sera imebadilika, au haisemi sababu yoyote. Nifanye nini?

Sera ya ndani ya benki ni mambo yake yenyewe. Mkataba uliokwisha kufungwa haubadilishwi na waraka wa ndani ambao upande mmoja haukuwahi kuuona, isipokuwa kama mkataba unasema waziwazi kwamba benki inaweza kusitisha mkopo ambao haujatolewa. Vifungu vya aina hiyo vipo, na mara nyingi vimewekwa karibu na mwisho, katika sehemu ya haki za benki. Ukikuta maneno yanayoiruhusu benki kusitisha wakati wowote bila kutoa sababu, msimamo wako unadhoofika, ingawa haufi: Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinawataka watoa huduma wamtendee mteja kwa haki na uwazi, na kukaa kimya baada ya kusainisha watu ni vigumu kukuita uwazi.

Iwapo benki haikutoa sababu, iandikie ikupe. Simu na mazungumzo ya kaunta hayaachi ushahidi.

Barua hiyo iandikwe vipi?

Iwe fupi, isiwe na lawama, na iwe na tarehe. Mtu aliyekasirika huandika kurasa tatu, na msomaji wa kitengo cha malalamiko hutafuta humo kitu kimoja tu, yaani ombi lako ni lipi. Maneno kama haya yanatosha:

"Ndugu Meneja, tarehe (taja) nilisaini mkataba wa mkopo wenye kumbukumbu namba (taja) wa shilingi (taja), na nakala yake nimeambatisha. Tarehe (taja) niliarifiwa kwa simu kwamba mkopo huo umefutwa. Naomba nijulishwe kwa maandishi: kifungu cha mkataba kilichotumika, jambo mahususi lililosababisha uamuzi huo, iwapo jambo hilo linaweza kurekebishwa na kwa muda gani, na hatua zilizochukuliwa kuondoa makato na kurejesha ada nilizolipa. Naomba pia nipewe namba ya kumbukumbu ya lalamiko hili."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Ukituma kwa barua pepe, itume kwa tawi na kwa kitengo cha huduma kwa wateja kwa pamoja.

Makato yameanza kukatwa kwenye mshahara wangu na fedha sijapata. Hili linawezekanaje?

Linawezekana kwa sababu kuingiza makato na kutoa fedha ni hatua mbili zinazofanywa na watu tofauti. Kwa watumishi wa umma, maombi hupitia sehemu ya mikopo ndani ya mfumo wa ESS, yaani mfumo wa mtandaoni wa watumishi kujihudumia wenyewe, na makato hukaa kwenye mfumo wa taarifa za kiutumishi na mishahara. Benki ikisitisha mkopo upande wake bila kuyaondoa makato, mishahara itaendelea kusoma deni ambalo halipo.

Hili ndilo jambo la dharura kuliko yote katika ukurasa huu, na lina madhara mawili. Unapoteza fedha kila mwezi, na wakati huohuo nafasi yako ya kukopa imezibwa, kwa hiyo benki nyingine haiwezi kukusaidia hata ikitaka. Chukua hati ya mshahara inayoonyesha makato hayo na taarifa ya akaunti inayoonyesha kwamba mkopo haukuingia. Hizo mbili zikiwekwa pamoja hazihitaji maelezo mengi. Iandikie benki ukidai makato yaondolewe na yaliyokwisha kukatwa yarudishwe, na nakala umpe afisa utumishi wako. Usikubali kuambiwa kwamba fedha zitarudishwa kwa kupunguza deni: hakuna deni la kupunguza.

Nililipa ada ya mkopo na bima. Nitarudishiwa?

Kwa kawaida ada na bima hukatwa kwenye mkopo wenyewe siku unapotolewa, kwa hiyo mkopo usipotoka hakuna kilicholipwa. Ikiwa ulilipa kabla, bima ambayo kinga yake haikuanza haina sababu ya kubaki kwa kampuni ya bima. Ada ya uchakataji ina utata zaidi, kwani baadhi ya mikataba huitaja kuwa hairudishwi. Kifungu hicho kinaeleweka pale mwombaji mwenyewe anapojitoa, au anapogundulika kudanganya. Benki inapojitoa kwa sababu zake na bado ikabaki na ada, hoja ya mteja ni nzuri, na ni aina ya lalamiko ambalo benki hupenda kulimaliza mezani, kwani gharama ya kulibishania huzidi ada yenyewe.

Fedha ziliingia kwenye akaunti, kisha zikarudishwa benki. Je, hilo nalo ni kufuta mkopo?

Hapana, na utofauti ni mkubwa. Fedha zikishaingia, benki imetimiza ahadi yake na wewe umeanza kudaiwa. Kuanzia hapo benki inaweza kudai zirudi kabla ya muda kwa njia zilizowekwa na mkataba tu, kwa mfano pale mkopaji anapokiuka masharti. Kuna mambo mengine mawili yanayoelezeka: muamala ulioingizwa kimakosa, kama vile mkopo wa mtu mwingine au kiasi kilichorudiwa mara mbili, na shaka ya udanganyifu inayochunguzwa. Katika hali nyingine, benki iliyochukua fedha kwenye akaunti ya mteja bila idhini yake ina maelezo ya kutoa. Omba taarifa ya akaunti inayoonyesha miamala yote miwili na saa zake, na uhakikishe kwamba riba haikuhesabiwa kwa siku ambazo fedha hazikuwa zako.

Benki mpya iliahidi kununua mkopo wangu wa benki ya zamani, kisha ikajitoa. Nimebaki wapi?

Umebaki na deni lako la zamani kama lilivyokuwa, na hilo ni bora kuliko linavyosikika. Hatari ipo kwa yule aliyeacha kulipa benki ya zamani kwa kuamini kwamba itamaliziwa na ile mpya. Siku za kuchelewa zinahesabiwa dhidi yake yeye. Sababu ya kawaida ya mpango huu kuvunjika ni barua ya salio la deni, ambayo ina tarehe ya mwisho. Ikipita, riba ya mwezi mwingine inaongezeka, kiasi kilichoidhinishwa hakitoshi tena, na benki mpya inalazimika kuanza hesabu upya. Barua mpya ya salio mara nyingi huufufua mkopo.

Je, ripoti ya taarifa za mikopo inaweza kusababisha mkopo ufutwe wakati nilishaidhinishwa?

Ndiyo, ikiwa ukaguzi ulirudiwa kabla ya fedha kutoka na kitu kipya kikaonekana. Tanzania ina kampuni mbili zilizopewa leseni ya kukusanya taarifa hizi, Creditinfo na Dun & Bradstreet, chini ya kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012. Omba ripoti yako mwenyewe. Kinachoonekana mara nyingi ni mkopo mdogo wa simu uliosahauliwa, au mkopo uliomalizika lakini mkopeshaji hakupeleka taarifa kwamba umelipwa. Kosa la namna hiyo linarekebishwa na mkopeshaji aliyelileta. Kampuni ya taarifa haiwezi kulifuta kwa neno lako peke yako, kwa hiyo mtafute mkopeshaji huyo kwanza na upate barua ya kumaliza deni.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inakupa haki ya kujua taarifa zako zinazoshikiliwa na benki na kutaka zilizokosewa zirekebishwe. Ni njia isiyotumiwa sana, na inafaa pale benki inapong'ang'ania kwamba mfumo ndio uliokataa, kana kwamba mfumo haukulishwa taarifa na mtu.

Nimeshalipa amana ya kiwanja kwa kutegemea mkopo. Benki italipa hasara yangu?

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa mwenendo wa kawaida wa mambo, au ambayo pande zote zilijua, wakati wa kufunga mkataba, kwamba huenda ikatokea. Hasara ya mbali na isiyo ya moja kwa moja haifidiwi. Kanuni hii ni ileile ya shauri la Kiingereza la Hadley dhidi ya Baxendale la mwaka 1854, iliyoingia katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 na kutoka huko ikaja kwetu.

Kwa mkopaji maana yake ni kwamba hasara ya kawaida ya kunyimwa mkopo ni gharama ya kuupata kwingine, yaani tofauti ya riba na ada. Amana ya kiwanja iliyopotea inaweza kudaiwa ikiwa benki ilijua kwamba mkopo ni wa kununulia kiwanja hicho na kwamba kuna tarehe ya kumalizia malipo. Faida ya biashara uliyokuwa unaiota ni vigumu kuipata. Ndiyo sababu sehemu ya fomu inayouliza madhumuni ya mkopo isijazwe neno "maendeleo" na kuachwa hivyo, kama ilivyo desturi. Andika kiwanja, mahali kilipo, na tarehe ya mwisho ya malipo, kisha ambatisha makubaliano na muuzaji. Mstari huo mmoja unaweza kuamua kesi.

Sheria pia huangalia ulifanya nini kupunguza hasara. Aliyekaa miezi sita bila kujaribu mkopeshaji mwingine, wala kumwomba muuzaji amwongezee muda, hatalipwa kwa miezi yote sita.

Je, mahakama inaweza kuilazimisha benki itoe mkopo?

Usitegemee. Tangu mwaka 1898, katika shauri la South African Territories dhidi ya Wallington, mahakama ya juu ya Uingereza ya wakati huo ilishikilia kwamba ahadi ya kukopesha fedha hailazimishwi kutekelezwa, na kwamba aliyenyimwa abaki na madai ya fidia. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, lakini husomwa kwa uzito. Mantiki yake ni nyepesi: fedha zinaweza kupatikana kwingine, na fidia inatosha.

Muda wa kufungua madai ya mkataba ni miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, hivyo hakuna haja ya kukimbilia mahakamani wiki ya kwanza. Kabla ya kufungua, hakikisha ushuru wa stempu wa mkataba umelipwa, kwa sababu Sheria ya Ushuru wa Stempu huzuia hati isiyolipiwa kupokelewa kama ushahidi, na wakili wa benki hatasahau kulitaja hilo. Kwa maoni yangu, kesi ya mkopo binafsi usiotolewa inafaa kwa mtu mwenye hasara inayohesabika na yenye risiti. Kwa wengine wote, lalamiko kwa msimamizi lina faida zaidi na halina gharama ya wakili.

Ninalalamika wapi baada ya benki kunijibu vibaya au kutonijibu?

Hatua ya kwanza daima ni benki yenyewe, kwa sababu Benki Kuu itakuuliza kama ulianzia huko. Baada ya hapo lalamiko hupelekwa Benki Kuu ya Tanzania, ama kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa Sema na BoT, ama katika ofisi zake za Dodoma, Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara na Zanzibar. Ambatisha mkataba, barua yako yenye muhuri wa kupokelewa, jibu la benki kama lipo, hati za mshahara na taarifa ya akaunti. Eleza unachotaka kifanyike: mkopo utolewe kama ulivyosainiwa, au urekebishwe, au makato yaondolewe na fedha zirudi. Lalamiko lisilo na ombi hujibiwa kwa pole.

Aliyenifutia mkopo ni mkopeshaji wa mtandaoni, baada ya kulipa ada. Haya yote yananihusu?

Kwanza jiridhishe kama ni mkopeshaji kweli. Anayedai utume ada ya bima au ya kufungua faili kwa namba ya simu ya mtu binafsi, kisha akakuambia mkopo umefutwa na ukitaka ufufuliwe utume nyingine, ni tapeli, na mahali pake ni polisi. Wakopeshaji halali wasio benki wanasimamiwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na wana leseni unayoweza kuulizia Benki Kuu, ambayo Novemba 2024 ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali.

Kwa benki ya Kiislamu mambo ni yaleyale?

Si hasa. Katika murabaha benki hainunui wala kuuza fedha. Mteja huahidi kununua bidhaa, benki huinunua, kisha humuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa. Kinachosainiwa mwanzoni huwa ni ahadi, na mkataba wa mauziano huja baada ya benki kuimiliki bidhaa. Ikijitoa kabla ya hapo, soma ahadi hiyo uone imemfunga nani. Njia ya malalamiko ni ileile.

Niko Zanzibar. Niko Kenya. Je, majibu yanabadilika?

Zanzibar ina sheria yake ya mikataba, Sura ya 149, yenye asili moja na ya Bara, na Benki Kuu ni moja kwa pande zote mbili za Muungano, hivyo njia ya malalamiko haibadiliki.

Kenya misingi ya mkataba na fidia inafanana kwa sababu imetoka kwenye chimbuko moja la Kiingereza, na muda wa kudai ni miaka 6 vilevile. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inazuia makato kuvuka theluthi mbili ya mshahara, kwa hiyo tatizo la rejesho kutotoshea lipo huko pia. Tofauti yenye manufaa ni Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya na inayotakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Kwa Mkenya anayedai ada na makato yaliyokatwa bila mkopo, hiyo ni njia fupi.

Naweza kuomba benki nyingine mara moja?

Unaweza, mradi uwe na mambo mawili mkononi. La kwanza ni barua ya benki ya awali inayosema kwamba mkopo haukutolewa na kwamba hudaiwi chochote. La pili ni hati ya mshahara ya mwezi unaofuata inayoonyesha kwamba makato yake hayapo. Ukiomba kabla ya hapo, benki ya pili itaona nafasi iliyozibwa na maombi mawili ya karibu karibu kwenye ripoti yako, na huenda ikakataa kwa sababu ambayo haikuwa yako. Unapoomba, waeleze mapema kilichotokea na sababu iliyotolewa. Ikiwa ni theluthi, omba kiasi kinachotoshea kwenye hesabu mpya, na ikiwa ni tarehe ya kustaafu, omba muda unaoishia kabla yake.